Jacek Kuroń: Mtu aliyetangaza jina lake na nambari yake ya simu

Miaka michache iliyopita mtaani kwetu tulichanga pesa. Vijana wanne walikuwa wamekamatwa katika maandamano, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akilisha nyumba nzima: mama yake, mke mja mzito na wadogo zake wawili. Baada ya swala ya Isha tukakaa barazani, wazee kwa vijana, tukakubaliana kila mtu atoe alichojaaliwa. Mimi nikapewa daftari na kalamu. Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Wa kwanza alitoa shilingi mia mbili akaniambia jina lake nisiliandike, niandike mja wa Mungu. Wa pili vile vile, na wa tatu vile vile. Mpaka tunafunga daftari, pesa zilikuwa za kutosha chakula cha mwezi na nauli ya wakili, lakini majina yalikuwa matatu tu. Langu halikuwamo. Mimi niliyeshika kalamu niliogopa kujiandika.

Ndugu msomaji, sina ugomvi na anayetoa sadaka kwa siri. Dini yetu inaisifu sadaka ya siri. Lakini sisi usiku ule hatukuficha majina kwa ajili ya thawabu. Tuliyaficha kwa hofu, na kila mmoja wetu alijua hivyo. Jambo hili lilinikaa moyoni hadi nilipokuja kusoma maisha ya mtu mmoja wa Polandi, Jacek Kuroń, ambaye jina lake hutamkwa Yatsek Kuronyi. Amefariki zaidi ya miaka 20 iliyopita. Huko kwao ni mtu mashuhuri sana, huku kwetu wachache wanamjua, na naona ni hasara kwetu.

Kuroń alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 katika mji wa Lwów, ambao wakati huo ulikuwa wa Polandi na leo ni Lviv, nchini Ukraine. Mji huo hauko mbali nasi kama unavyodhani. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliivamia Polandi kutoka magharibi na Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Mamia ya maelfu ya watu wa upande wa mashariki, Lwów ikiwemo, walipakiwa kwenye magari ya moshi wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati. Waliobahatika kutoka walipitia Iran, na maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, wakaletwa kwa meli mpaka bandari za pwani yetu, Mombasa ikiwa mojawapo, kisha wakapelekwa kambi za Tengeru karibu na Arusha, na Masindi na Koja kule Uganda. Makaburi yao yako Tengeru mpaka leo. Kuroń hakuwa miongoni mwao, lakini kama familia yake ingechukuliwa wakati ule, huenda naye angeshuka kwenye gati letu akiwa mtoto wa miaka minane.

Yeye alibaki Lwów akaona mengine. Wajerumani walipouteka mji mwaka 1941 waliwakusanya Mayahudi katika mtaa mmoja uliozungushiwa ua, wakawaua kwa njaa na kwa risasi, na waliosalia wakawapeleka kwenye kambi za mauaji. Mtoto Kuroń alikuwa akiona watu wakiteswa kweupe huku wapita njia wakigeuza nyuso. Alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu cha maisha yake akakiita Wiara i wina, yaani Imani na Hatia. Hatia aliyoisema ni pamoja na ile ya anayeona jirani yake akichukuliwa naye akanyamaza.

Nyumbani kwao siasa ilikuwa chakula cha kila siku. Babu yake na baba yake walikuwa wanachama wa chama cha kisoshalisti cha Polandi, watu wa migomo na vyama vya wafanyakazi. Baada ya vita mipaka ilihamishwa, Lwów ikawa ya Umoja wa Kisovieti, na familia ikahama na hatimaye kukaa Warsaw. Polandi sasa ilitawaliwa na chama kimoja, chama cha Kikomunisti, chini ya kivuli cha Moscow. Kijana Kuroń alikiamini chama hicho kwa moyo wake wote. Alijiunga na umoja wa vijana, kisha mwaka 1953 akawa mwanachama kamili. Mwaka huohuo akafukuzwa kwa sababu alikosoa. Akarudishwa mwaka 1956. Akasoma historia Chuo Kikuu cha Warsaw na akawa mlezi wa skauti, akiwafundisha watoto kuishi pamoja na kusema wanachokiamini. Baadhi ya watoto wale wa skauti ndio baadaye waliosimama naye mbele ya mahakama.

Kilichonivutia mwanzo ni kwamba Kuroń hakuanza kama adui wa serikali. Alianza kama mwana wa nyumbani aliyechukulia ahadi kuwa ahadi. Chama kilisema nchi ni ya wafanyakazi. Yeye akauliza mbona mfanyakazi hana sauti kiwandani wala mahali pengine popote. Mwaka 1965 yeye na rafiki yake Karol Modzelewski waliandika barua ya wazi kwa chama. Walieleza kwamba wakubwa wa chama wamekuwa tabaka jipya linalowanyonya wafanyakazi kwa jina la wafanyakazi wenyewe. Jibu lilikuwa jela: Kuroń miaka mitatu, Modzelewski mitatu na nusu.

Alipotoka mwaka 1967 hakukaa sana. Machi 1968 wanafunzi waliandamana kudai uhuru wa mawazo, serikali ikawapiga virungu, ikaanzisha na kampeni ya chuki dhidi ya Mayahudi iliyowafanya maelfu kuihama nchi. Kuroń akakamatwa tena, akafungwa tena miaka mitatu na nusu, akatoka mwaka 1971. Ukijumlisha maisha yake yote, alikaa kifungoni kiasi cha miaka tisa. Mkewe Grażyna, aliyeitwa Gajka na marafiki, alimlea mtoto wao Maciej huku akibeba vikapu kwenda gerezani.

Akiwa ndani, mwezi wa Disemba 1970, wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk na miji mingine ya pwani ya Baltiki waligoma kwa sababu ya bei ya chakula. Kwa hasira wakachoma jengo la kamati ya chama. Jeshi likafyatua risasi, makumi ya watu wakafa. Kuroń alichukua somo moja kutoka kwa damu ile, na ndilo somo kubwa la maisha yake. Aliwaambia watu kwamba kuchoma kamati za watawala hakuleti kitu ila maiti. Kinachofaa ni watu kuunda kamati zao wenyewe. Msingombee jengo la mwenzenu, jengeni lenu. Mkikaa pamoja kusaidiana, kufundishana na kuandika, hata kama ni watu kumi, tayari mna kipande cha nchi ambacho hakitawaliwi kwa hofu. Leo wataalamu wanaviita hivyo asasi za kiraia. Wakati ule neno hilo halikuwa midomoni mwa watu. Kulikuwa na jambo la kufanya tu.

Nafasi ilikuja Juni 1976. Serikali ilitangaza bei mpya: nyama ilipanda kwa zaidi ya nusu, sukari ikawa mara mbili. Siku iliyofuata, tarehe 25, wafanyakazi wa Radom, wa kiwanda cha matrekta cha Ursus karibu na Warsaw, na wa mji wa Płock waligoma. Wale wa Ursus walizuia treni. Serikali ikaogopa, ikarudisha bei chini, lakini ikalipiza kisasi. Askari walijipanga safu mbili na mfanyakazi aliyekamatwa alipitishwa katikati akipigwa virungu kutoka pande zote, na kwa kejeli wakaliita jambo hilo njia ya afya. Maelfu walifukuzwa kazi. Wengine wakafungwa miaka mingi. Wake zao wakabaki na watoto, bila mshahara, na majirani wakiogopa kubisha hodi.

Tarehe 23 Septemba 1976 watu 14 walitangaza kwamba wameunda Kamati ya Kuwatetea Wafanyakazi, iliyojulikana kwa herufi KOR. Walikuwemo mzee wa uchumi Edward Lipiński, mwandishi wa riwaya Jerzy Andrzejewski, Jan Józef Lipski, na Kuroń. Kazi yao haikuwa ya kupindua serikali. Walikusanya pesa, wakatafuta mawakili na madaktari, wakaenda mahakamani kusikiliza kesi, wakabisha hodi kwenye nyumba za wafungwa na kuuliza watoto wamekula nini. Walikuwemo Wakatoliki wa sala tano na watu wasio na dini, wazee waliopigana na Wajerumani na wanafunzi wa juzi. Kabla ya hapo mwaka 1968 wanafunzi walipopigwa, wafanyakazi walikaa pembeni, na mwaka 1970 wafanyakazi walipopigwa risasi, wasomi walikaa pembeni. KOR ndiyo iliyoziba pengo hilo.

Sasa nifike kwenye lile lililonichoma. Chini ya matangazo yao waliandika majina yao, anwani zao na nambari zao za simu. Wote. Nchi ya chama kimoja, yenye polisi wa siri kila pembe, na wao wanaandika mahali wanapolala. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, mke wa mfungwa alihitaji kujua mlango wa kubisha. Pili, mtu anayejificha humfundisha mwenzake kuogopa, na anayejitokeza humfundisha kusimama. Hesabu za pesa nazo zilitangazwa, zimeingia ngapi na zimetoka ngapi, ili mtu asije akasema zimeliwa.

Haikuwa bure. Mwezi wa Mei 1977 mwanafunzi Stanisław Pyjas, aliyeshirikiana na KOR, alikutwa amekufa Kraków, na watu hawakuwa na shaka nani alihusika. Kuroń na wenzake walikamatwa. Watu wakafunga kula ndani ya kanisa la Mtakatifu Martin mjini Warsaw kudai waachiliwe. Mwezi wa Julai serikali ikatoa msamaha, wafanyakazi wa Radom na Ursus waliokuwa bado ndani wakatoka, na wanakamati wakatoka. Kamati ya watu wachache wasio na bunduki ilikuwa imeshinda. Machi 1979 genge la vijana waliotumwa liliingia nyumbani kwa Kuroń, ambako palikuwa pakitolewa masomo ya chuo cha siri kilichohamahama nyumba kwa nyumba. Walimpiga mkewe na mwanawe. Baada ya hapo alisimamisha masomo yake. Kuna watu humsimulia kama shujaa asiyerudi nyuma, lakini siku ile alirudi nyuma, kwa ajili ya watu wake, na mimi namheshimu zaidi kwa hilo.

Mwaka 1980 bei zilipanda tena na migomo ikaanza tena. Simu ya nyumbani kwa Kuroń ikawa kama chumba cha habari. Mfanyakazi wa mji mmoja alipiga kusema wamegoma, Kuroń na vijana wake wakaandika, wakawapigia waandishi wa nje, na jioni redio za ng'ambo zikaitangazia Polandi nzima. Kila mgomo ukajua hauko peke yake. Agosti 14 kiwanda cha meli cha Gdańsk kiligoma, sababu ya karibu ikiwa kufukuzwa kwa Anna Walentynowicz, mama mwendesha kreni, miezi mitano tu kabla ya kustaafu. Safari hii hawakutoka kuchoma jengo. Walifunga milango wakakaa ndani, wakaunda kamati, wakaandika madai 21, la kwanza likiwa chama huru cha wafanyakazi. Agosti 31 serikali ikatia saini. Kuroń siku hiyo alikuwa rumande. Alitoka siku iliyofuata. Chama kilichozaliwa kiliitwa Solidarność, yaani Mshikamano, na katika mwaka mmoja kilikuwa na wanachama wapatao milioni 10, katika nchi ya watu takriban milioni 36.

Furaha ilidumu miezi 16. Usiku wa tarehe 13 Disemba 1981 Jenerali Jaruzelski alitangaza utawala wa kijeshi. Simu zilikatwa, vifaru vikatoka barabarani kwenye theluji, maelfu wakachukuliwa vitandani. Kuroń alizuiliwa, na Gajka naye pia. Mama huyo aliugua kizuizini, akaachiliwa akiwa mgonjwa, akafa Novemba 1982 mumewe akiwa bado mfungwa. Hakuna ushindi wa baadaye uliomrudishia Kuroń mwaka ule. Yeye mwenyewe alitoka mwaka 1984.

Na sasa fikiria mtu huyu, aliyefungwa miaka tisa na kumzika mkewe, anaambiwa akae meza moja na waliomfunga. Alikaa. Kuanzia Februari hadi Aprili 1989 wapinzani na serikali walizungumza kwenye kile kilichoitwa Meza ya Duara. Wapo waliomlaumu, na wapo wanaomlaumu mpaka leo, kwamba aliwapa wakomunisti mlango wa kutokea salama. Jibu lake lilikuwa kwamba nchi inayobadilika bila damu ni bora kuliko kisasi kitamu. Juni 4 ukafanyika uchaguzi, Mshikamano ukashinda karibu kila kiti ulichoruhusiwa kugombea, na kabla ya mwaka kwisha ukuta wa Berlin ulikuwa umevunjwa.

Wengi wangemalizia hadithi hapo. Mimi naona sehemu ngumu inaanzia hapa. Septemba 1989 Kuroń aliapishwa kuwa Waziri wa Kazi. Alikwenda ofisini na shati lake la jinzi na chupa yake ya chai. Januari 1990 serikali ilianza mageuzi makali ya uchumi: bei ziliachiliwa, viwanda vya serikali vikakosa ruzuku. Kufikia mwisho wa mwaka huo zaidi ya watu milioni moja hawakuwa na kazi, katika nchi ambayo kwa miaka 40 haikuwa imezoea jambo hilo. Mtetezi wa wafanyakazi akawa waziri wa watu waliofukuzwa kazi. Kila wiki alitokea kwenye televisheni akawaeleza watu kwa lugha ya nyumbani kwa nini mambo ni magumu. Alianzisha posho ya wasio na kazi, na akahimiza supu ya bure kwa wenye njaa. Wananchi wakaipa posho ile jina la kuroniówka, kutokana na jina lake, na neno hilo limebaki katika lugha yao.

Kura za maoni za miaka ile zilimweka miongoni mwa wanasiasa walioaminiwa zaidi. Hata hivyo alipogombea urais mwaka 1995 alishika nafasi ya tatu, kwa asilimia 9 hivi. Watu wanaweza kukupenda wasikuchague. Na yeye hakuwa mtu wa kujisifu. Katika miaka yake ya mwisho alikiri wazi kwamba yeye na wenzake walikosea, kwamba mageuzi yaliwaumiza walewale wafanyakazi waliouleta uhuru, na kwamba demokrasia ya kupiga kura pekee bila watu kujipanga chini ni ganda tupu. Mwanasiasa anayesema nilikosea, tena akiwa hai, ni adimu Ulaya kama alivyo adimu kwetu.

Kazi nyingine aliyoifanya ni ya upatanisho. Katika bunge aliongoza kamati ya jamii ndogo ndogo za Polandi: Waukraine, Wabelarusi, Wajerumani, Mayahudi. Lwów yake ilikuwa na damu ya Wapolandi na Waukraine waliouana wakati wa vita, na kila upande ulikuwa na makaburi yake ya kuonyesha. Yeye aliyezaliwa hapo hakudai mji urudishwe. Alidai majirani waombane msamaha. Alifariki Warsaw tarehe 17 Juni 2004 akiwa na miaka 70, wiki chache tu baada ya Polandi kuingia Umoja wa Ulaya, na akazikwa katika makaburi ya Powązki.

Leo Ulaya ina mashirika mengi yanayoshughulikia demokrasia na mshikamano, yenye ofisi, bajeti na ripoti. Si vibaya. Lakini nikiyasoma maisha ya Kuroń naona chimbuko lake halikuwa ofisi. Lilikuwa mama mmoja wa Radom ambaye mumewe kafungwa, na mtu asiyemjua aliyebisha mlango akataja jina lake kamili. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema, na ni kweli. Lakini vidole havikusanyiki ikiwa kila kimoja kinajificha.

Yule kijana wetu aliachiliwa baada ya wiki chache. Mama yake alikuja kwangu kwa kuwa alisikia mimi ndiye niliyeshika daftari, akataka kujua awashukuru kina nani. Nilimfungulia ukurasa. Akasoma majina matatu, na chini yake mja wa Mungu, mja wa Mungu, mja wa Mungu, mpaka mwisho. Akaniuliza kama na mimi nilitoa. Nikamwambia nilitoa. Akaniuliza mbona simo. Sikuwa na jibu la kumpa mama mtu mzima.

Daftari bado ninalo. Tukichanga tena, na siku itafika, mstari wa kwanza nitaandika jina langu na nambari yangu ya simu, kisha ndipo nimpe kalamu wa pili.